Ukingo Mweupe

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na mumeo, na kwamba goti lako limeacha kukusumbua kwenye ngazi. Mimi mzima, ila macho yanataka taa kubwa na masikio siku hizi yanachagua ya kusikia. Miaka thelathini na moja ugenini, na bado nikiamka huutafuta mlango upande ulikokuwa kwetu.

Naendelea na kamera ile kubwa ya miguu mitatu, ya kujifunika kitambaa cheusi. Unaikumbuka kazi yake: filamu haiji kwa mkanda, huja vipande, kila kimoja sawa na kiganja, nawe hukipachika ndani ya kasha lake gizani, kwa kupapasa. Kasha lina kifuniko chembamba cha kuchomoa, chenye ukingo mweupe upande mmoja na mweusi upande wa pili. Mweupe ukiwa nje, filamu ni mpya. Ukishapiga unakigeuza, mweusi uwe nje: usiguse, humu mna mtu.

Mwezi uliopita picha zangu zilianza kupandana. Bwana harusi mmoja, aliyeoa bila ndugu hata mmoja kuhudhuria, alitokea na ngazi za posta kifuani. Nikamshuku fundi ninayechangia naye chumba cha giza, mama ambaye mtaa mzima humwita Miwani. Nani mwingine? Akikohoa, nasikia hila. Akiniletea chai, najiuliza anataka kunilegeza kwa lipi. Nilibana uzi kwenye mfuniko wa sanduku la makasha, uzi haukukatika. Nikanunua kufuli, ufunguo nikautundika shingoni, na picha zikapandana vilevile. Nilipomtolea shutuma zangu alicheka hadi akaivua hiyo miwani yenyewe, akasema kama yupo mwizi basi analala ndani ya shati langu.

Juzi alikuja kupigwa picha bibi kizee mmoja. Aliniita mwanangu, akaniomba nimtoe vizuri kwa kuwa wanawe wako mbali. Nikapiga. Miwani alikuwa pembeni akikata karatasi, na nilipolirudisha kasha sandukuni akaniambia nilitazame. Ukingo mweupe ulikuwa nje.

"Mzee mwenzangu," akasema, "ukiguswa moyo, mkono wako husahau kugeuza."

Nilikaa chini, maana niliiona picha ya mwisho ya Mama, madirisha ya benki yamempita usoni. Mumeo alikuwa msaidizi wangu wakati ule, mbebaji wa makasha, nami nilisema mbele ya ukoo mzima kwamba amekigeuza kifuniko kwa kijicho, ili nipige tena juu ya Mama. Picha ilipotoka, Mama alikuwa amekwisha kufariki. Hapakuwa na pa kurudia. Mumeo aliapa, nikamfukuza, nawe ukamfuata, kama ilivyokupasa. Tangu hapo barua zetu humzunguka kama watu wanavyozunguka shimo.

Lakini yaliyobaki sikuyajua juzi tu, nimekuwa nayo tangu zamani. Siku ile Mama aliniambia, "Nipige vizuri, mwanangu, hii ndiyo utakayoondoka nayo." Nami nilikuwa sijamwambia mtu yeyote kwamba naondoka. Nililia chini ya kitambaa. Kasha lile nililichomoa mimi, nikalitia mfukoni mwa koti langu mimi, na kesho yake nikaenda nalo kulipiga picha jengo la benki mimi. Mumeo hakuligusa. Nililikumbuka hilo siku ileile ya kumfukuza, yeye akiwa bado amesimama mlangoni, nikalimeza. Shaka ukimtwisha mwenzio, wewe huoni uzito wake.

Katika bahasha nyeusi niliyoiambatanisha na barua hii mna filamu yenyewe. Nimeibeba miaka yote bila kumruhusu mtu kuishika, hata Miwani. Usiifungue wewe, mpe mumeo. Katika kuchapa picha alikuwa na mikono mizuri kuliko yangu, na huenda akaweza kuutoa uso wa Mama katikati ya madirisha yale. Akikataa, ana haki. Akiichana, ni yake.

Nisalimie watoto, na yule mjukuu asiyependa viatu. Na mpe salamu zangu shemeji. Neno hilo sijaliandika tangu niondoke. Nimelianza mara mbili ndipo likaandikika.

Ni mimi,
kaka yako