Leso Pea na Kipeuo cha Kumi na Mbili

Galu, Mei 1999

Kwa kaka yangu mpendwa Mutiso,

Shikamoo. Najua utacheka, kwetu Kitui hatuamkiani hivyo, lakini nimekaa Pwani mpaka mdomo umezoea. Goti la Mama linaendeleaje? Mvua imenyesha, au mbuzi bado wanatafuna vumbi? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Bado nashona pindo za vitambaa vya meza pale hotelini.

Barua yako niliipata. Umesema nikianguka mtihani wa hesabu mara ya pili, nirudi nyumbani, na habari za chuo cha uuguzi nizisahau. Kaka, maneno hayo yaliniuma. Lakini kabla hujaamua, hebu nisikilize.

Jioni baada ya kazi nasoma na wenzangu kule Ukunda. Mwalimu ametufikisha kwenye vipeuo vya pili, ile alama ya √. Cha tisa ni rahisi: jibu ni tatu, kwa kuwa tatu mara tatu ni tisa. Cha kumi na mbili ndicho kilichonitoa jasho. Mwalimu anaandika 2√3, mimi naona mazingaombwe.

Jumamosi nikaenda kununua leso. Nikamwomba mama muuzaji anikatie moja tu, kama tunavyofanya kwetu. Akanitazama juu mpaka chini.

"Mwanangu, leso ni pea. Moja wajifunga, moja wajitanda. Nikikukatia hii, mwenziwe nitamuuzia nani?"

Duka zima lilicheka, nami nikacheka kwa aibu, nikanunua zote mbili. Lakini njiani swali lake halikuniacha. Kumi na mbili ni mbili mara mbili mara tatu. Zile mbili ni pea, basi zinatoka nje ya alama na kusimama kama mbili moja. Tatu haina mwenziwe, inabaki ndani. 2√3! Nilicheka peke yangu barabarani kama mwehu.

Kisha ikaja 6/√3. Mwalimu hataki kipeuo kibaki chini. Nikamuuliza kwa nini.

"Kipeuo cha pili cha tatu ni karibu 1.732," akasema. "Haya, gawa sita kwa hiyo, bila mashine."

Niligawa mpaka mkono ukachoka. Kumbe √3 ya chini ukiipa mwenziwe, zinakuwa 3 kamili. Ila ukizidisha chini uzidishe na juu vilevile, la sivyo umeharibu hesabu. Hapo ndipo nilipoangukia mwaka jana. Sasa napata 6√3 juu ya 3, yaani 2√3, na 1.732 mara mbili hata wewe utaifanya huku unakama mbuzi. Tena ona, ni jibu lilelile la √12! Mbona zimefika mahali pamoja? Bado nalifikiria hilo nikiwa kwenye cherehani.

Kaka, wewe ndiye uliyenifundisha kuzidisha kwa kokoto. Nakuachia 10/√5. Ifanye mwenyewe. Ikikufurahisha kama zilivyonifurahisha hizi, niandikie nifanye mtihani. Isipokufurahisha, niandikie nirudi, nami nitarudi.

Nisalimie wifi, mke wako, na shangazi anayekaa na Mama. Mpe Mama leso hii. Akiuliza mbona ni moja, mwambie mwenziwe ninayo mimi, nami nataka kuileta nikiwa muuguzi.

Dada yako anayesubiri jibu,
Mueni