Bunduki Imelia Mara Moja

Marcelina, uko wapi? Nakupigia hupokei.

Sylvester wangu amemfuata mbogo aliyejeruhiwa. Wako kwenye vichaka nyuma ya shamba letu la pamba. Ni mjukuu wangu huyo, Marcelina!

Walipita kwangu kunywa maji, yeye na Harieth, askari mwenzake wa wanyamapori. Bunduki kubwa ya Sylvester ina darubini. Anacheka: "Bibi, hii inavuta hadi unahesabu kope."

Harieth akamkatiza. "Kope za nini? Kichakani mbogo anakutokea hapo ulipo mtungi. Kwenye darubini utaona manyoya tu!"

Manyoya tu. Kasema hivyo mbele yangu.

Kisha akampa bunduki yake, yenye kioo cha nukta nyekundu. "Hii unafungua macho yote mawili, unaweka nukta, unapiga. Yako nipe, nipande kwenye jiwe nikulinde kwa mbali." Binti wa watu, na hata undugu hatuna.

Bunduki imelia. Mara moja tu. Sijui ni ya kichakani au ya kwenye jiwe.

Nimeita hadi sauti imekauka. Hakuna anayejibu.

Nimewamiminia uji, vikombe viwili. Nimevifunika visipoe.