Bwato Mbili za Majivu

Dzaleka, 4 Mei 1996

Mtoto wangu Godelive,

Nakusalimia sana. Mi niko muzima hapa kambini, mguu peke yake njo unaongea kwa maumivu asubuhi. Bwana yako Lucien anakohoa bado? Barua hii nimeandika na mkono wangu, sikumuomba mtu, basi soma polepole.

Nasikia padri wenu anarudi kwao na anawaachia bwato moja kati ya zile mbili za alumini ziko kwa depo ya Kanengo, mwende kuvua ziwani Salima. Chukueni kubwa. Kule kwetu Rumonge bantu walikuwa wanajua bwato yangu kwa kelele ya maji tu, hawakuhitaji kuangalia. Ndogo ni ya kuvua kitoweo. Tena ndani ya kubwa na mi nitapata nafasi. Tangu tukimbie sijakanyaga bwato, nakula maharagwe kama mtu wa mlimani.

Baba yako Sinzinkayo

Lilongwe, 11 Mei

Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Lucien amepona kikohozi, anauliza mguu wako.

Tumeenda kupima. Kubwa ni hatua tisa, ndogo sita. Baba, Lucien na mdogo wake Rémy wako wawili tu. Kila siku lazima bwato ipandishwe kwenye mchanga, la sivyo mawimbi yataigonga kwenye mawe. Kubwa waliisukuma pale depo, haikusogea hata kidogo. Sisi tunaona tuchukue ndogo. Wewe utakaa nasi ufukweni, utushonee nyavu. Padri anataka jibu kabla ya Pentekoste.

Mtoto wako Godelive

Dzaleka, 17 Mei

Godelive,

Salamu, lakini fupi. Mi si kuku wa kukaa kwenye mchanga.

Nimeomba majivu kwa jirani Cécile, nimechora bwato zote mbili mbele ya nyumba, kwa hatua zako. Nikaita bantu bakae ndani, mi mbele. Kambi ilicheka, hata bale ba Bukavu benye diplome. Mmoja wao, Zihindula, akauliza kama tutafika ng'ambo kabla nsima, ugali wa hapa, haijapoa. Lakini kubwa ilitubeba wote, na miguu tulinyoosha. Chukueni kubwa. Kama ni ndogo, usiniandikie tena.

Baba yako

Dzaleka, 24 Mei

Godelive,

Mko bazima? Haukuandika. Ni kweli mi njo nilikataza, lakini siku hizi unatii baba yako haraka sana.

Zihindula alirudi. Akazunguka majivu, akasema, "Mzee, na nyavu zinakaa wapi?" Nilileta magunia na kuni, tukasema hizo ni nyavu, tukakaa tena. Kubwa inataka benye kupiga kasia wanne, bote benye nguvu. Nikauliza nani ashuke. Bote bakanitazama mi.

Nikaenda kwa ndogo. Wawili wanapiga kasia, nyavu katikati, na nyuma panabaki pa mtu mmoja wa kuongoza. Nikakaa. Nikatosha.

Chukueni ndogo. Mi nilijua zamani, hata Rumonge nilianza na ndogo. Kama mmeshasema kubwa kwa sababu ya maneno yangu, kimbieni kwa padri.

Baba yako

Lilongwe, 29 Mei

Baba,

Nakusalimu kwa furaha. Barua yako ilifika Jumatatu. Padri tulishampa jibu Jumamosi: ndogo. Tulikuwa tumeamua mapema, nawe ulikataza nisiandike, njo maana nilinyamaza. Lucien alikuwa hali chakula vizuri, anauliza tu, "Tutamwambia nini mzee?" Nilipomsomea "nikatosha", alikaa chini akacheka mpaka kikohozi kikarudi.

Leo amefunga ubao wa kukalia nyuma ya bwato, mpana, kwa ajili ya mguu wako. Omba ruhusa ya kutoka kambini. Rémy anasema maji ya Salima si ya Rumonge, atakufundisha.

Godelive

Dzaleka, 6 Juni

Mtoto wangu,

Zikomo, yaani asante, kama wanavyosema hapa. Ruhusa iko mfukoni. Majivu ya kubwa nimefagia. Ya ndogo nimeacha, kila asubuhi nakaa ndani nikingoja lori, na mguu umenyamaza.

Mwambie Rémy akae mbele, nimwone vizuri akipiga kasia.

Baba yako, mwenye kukaa nyuma