Kitabu cha Chini ya Kabati

Kwako mke wangu wa pekee, Bibi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi kwenye kiti chako hapo barazani, mgongo umetulia, na yale matone ya macho unayatia kila siku, siyo siku ukikumbuka tu. Mimi mumeo ni mzima kama chuma, nimenawiri, na watu huku wananigeukia njiani. Dada, wewe unayemsomea, soma yote kama yalivyo. Najua tabia yako ya kuruka ninapojisifu. Usiruke. Hilo tumbo lako nalo nalisalimia. Nasikia limebakiza wiki tatu, na hizo wiki tatu ndizo zilizonifanya nishike penseli, kama mtakavyosikia. Ni penseli kwa sababu kazini kwetu kalamu ya wino hairuhusiwi hata kupita mlangoni.

Bibi, uliuliza kazi yangu ni ipi hasa, maana jirani anatangaza kwamba nafagia. Mwambie natema mate. Usishtuke. Ile klabu ya wakubwa ambako marehemu Babu alikuwa dobi ina picha za kuchora, barua na vitabu vya tangu enzi hizo, na vingine mchwa walishaanza kuvionja. Sasa imeundwa taasisi ya hisani ya kuvitunza, ili hata sisi tusio wanachama tuingie kuviona kwenye maonyesho. Mkuu wetu tunamwita Mama Glavu, maana hagusi kitu bila glavu, nadhani hata mkate. Ndiye aliyenifundisha kwamba picha ya zamani husafishwa vizuri kwa mate ya mtu: unalowesha pamba ya kijiti ulimini, unaizungusha taratibu, na moshi wa sigara wa miaka hamsini unatoka. Wewe uliyenichapa kwa kutema ovyo, ona sasa! Nimeshamwosha mwenyekiti mmoja wa zamani uso mzima, pamoja na masharubu, na Mama Glavu akasema mkono wangu ni mwepesi. Alisema mara moja tu, lakini alisema.

Basi raha ikaingia mchanga. Klabu ina vitabu tisa vya wageni, vyenye majalada ya kijani na pembe za shaba, na kila mgeni alisaini humo. Cha saba hakikuwepo. Pengo lake rafuni lilikuwa kama jino lililong'oka. Katibu wa klabu, mzee wa miwani ya kamba, akaja akasema taasisi ndiyo imekipoteza, na kama hakitapatikana kabla ya maonyesho, vitu vyote vitarudi stoo na kufuli litarudi mlangoni. Mama Glavu alimjibu kwa upole kwamba hajawahi kukiona, lakini alipobaki peke yake akavua glavu, akapekua rafu zote kwa mikono mitupu. Mimi nilisimama na kijiti mdomoni. Nilikuwa navitazama vile vinane, na lile jalada nalijua tangu natambaa.

Nani kwetu asiyelijua? Kila akizaliwa mtu, watu wanne wananyanyua kabati, wewe unachomoa kitabu chini ya mguu ulio mfupi, unakigeuza nyuma mbele, unaandika mtoto, kisha kabati linashushwa juu yake. Ulizoea kusema hakuna benki yenye kufuli zito kama lile.

Sasa shika kiti, Bibi. Mwezi uliopita nilipokuja nikisema nimekukumbuka, na Dada akakupeleka kliniki ya macho, sikubaki kupumzika kama nilivyodai. Niliazima jeki ya gari kwa jirani, yuleyule mwenye mdomo, nikalinyanyua kabati peke yangu. Kilichoko chini ya mguu sasa ni vipande viwili vya mbao, nimevifunga kwa kitambaa kilekile ulichokifungia kitabu. Nilikuibia. Kwanza niliandika hapa kwamba niliazima, nikafuta. Dada akiinua karatasi kwenye mwanga ataona alama. Na kwa kuwa mtoto akizaliwa mtanyanyua kabati, nimeona bora uzisikie hizo mbao kutoka kwangu kuliko uzione.

Nilikikabidhi kwa Mama Glavu. Katibu aliposikia kimetoka kwa dobi, akasema si ajabu, wafanyakazi wa siku zile walikuwa na mikono mirefu. Nilitamani kumtemea, na siyo mate ya kusafishia. Mama Glavu akamwomba asogee, akafungua ukurasa wa kwanza. Hapo kwa wino mwekundu pameandikwa: Kimelowa, kitupwe. Chini yake kuna saini ya mwenyekiti yule yule niliyemwosha masharubu! Babu alikiokota jalalani, Bibi, kama alivyokuwa anakwambia siku zote. Katibu alivua miwani, akaivaa, akaivua tena, kisha akasema amekosea kumsema mtu asiyeweza kujitetea. Ili aondoe aibu akakigeuza kitabu nyuma mbele, akakutana na mimi. Akanisoma kwa sauti mbele ya wote: Mvulana, kichwa kikubwa, analia kama ana kesi, huyu atatusumbua. Chumba kizima kiliangua kicheko. Mama Glavu akatazama tarehe uliyoandika, akahesabu miaka kwa vidole na kuniuliza yule wa ishirini na tano aliyemwajiri yuko wapi, maana huyu ana kumi na tisa. Umeniumbua, mke wangu, na hukuwepo hata.

Sijafukuzwa. Lakini Mama Glavu amesema klabu ilikitupa, kwa hiyo kitabu ni chako, na bila neno lako hakitakaa kwenye maonyesho hata siku moja. Ukitaka kirudi, atakileta mwenyewe, na mimi nitanyanyua kabati. Ukikubali kuwaazima, kitawekwa ndani ya kioo, leo upande wa wageni, kesho upande wetu. Nikauliza, na mtoto wa Dada je? Akasema kitabu cha kumbukumbu hakiandikwi tena. Nikamwambia hiki hakijafungwa, kina kurasa kumi na moja tupu, na watu wa kwetu bado wanazaliwa. Akazihesabu zile kurasa moja moja, kisha akakubali kwa masharti: mikono ioshwe, mwenye kitabu aandike mwenyewe, na iwe kwa penseli. Wewe hujawahi kuandika humo kwa kitu kingine, kwa hiyo umewashinda hata kabla hujafika.

Njooni basi, mtoto akishakaza shingo. Babu aliingia kwa mlango wa pembeni na mafurushi ya nguo. Wewe utaingia kwa mlango mkubwa, na penseli nimeshaichonga. Ukiwa bado una hasira, njoo nazo unitukane hapa, ukumbi una mwangwi mzuri.

Msalimieni kila anayeniulizia. Jirani mrudishieni jeki yake, iko nyuma ya pipa la maji.

Ni mimi mumeo mwenye kichwa kikubwa.

Fomu ya ruhusa iko ndani ya bahasha. Tafadhali usiiweke chini ya kabati.