Sasa Tunashuka

Kwako Dada mpenzi,

Shikamoo. Salamu zitangulie, maneno yafuate, maana ya leo ni mazito na sitaki yakukute umesimama. Hujambo? Shemeji hajambo? Wale mapacha wako bado wanavunja vyombo, au wameanza kuwa watu? Mimi mwili mzima. Moyo ndio unaonienda mbio tangu wiki iliyopita, hata kalamu hii naishika kama mwiko.

Uliuliza habari za mguu wa Mama. Uvimbe unapungua, anakanyaga kidogo kidogo, na kikohozi kinamwachia. Nilikuambia kwenye simu kwamba aliteleza kwenye ngazi. Ngazi zilikuwepo, Dada, sikuzizua. Ila hazikuwa za nyumbani kwangu. Zilikuwa ngazi za behewa, juu mlimani, kwenye ukungu. Kesho saa tatu asubuhi naitwa mbele ya wakubwa wa reli nieleze ilikuwaje, na nimeona wewe usikie kabla yao. Naandika kwa sababu kwenye simu ningekata katikati.

Kazi yangu unaijua. Wewe ndiye uliyeniita Kasuku tangu utotoni, na sasa nalipwa kwa ukasuku huohuo: nasimama behewa la kwanza na kipaza sauti, nawaambia wageni watazame daraja mkono wa kushoto, maporomoko mkono wa kulia, na wawashike watoto tukiingia kwenye handaki. Mama tangu afike kwangu alikuwa na ombi moja. Alitaka apande treni ya mlimani amsikie mwanawe akizungumza na watu wakanyamaza, kwa sababu, alisema, nyumbani hakuna aliyewahi kuninyamazia.

Basi Jumanne nikampandisha. Nilimweka behewa la mwisho, dirishani, na machungwa yake mfukoni. Siku hiyo behewa la kwanza alikuwamo mkaguzi, kwa hiyo nilimwomba Mama asiniite, asinipungie mkono, ajifanye hanijui kabisa. Alicheka, akasema atanitazama kama mkwe asiyempenda. Sababu sikumwambia. Na mimi kila nilipopita behewa lile nilijizuia nisimtazame.

Tulipanda vizuri. Darajani jua lilikuwa limewaka, mto chini umekonda kama uzi, misonobari imepangana hadi juu, na abiria wanahama dirisha hili kwenda lile huku wakikanyagana na kuombana radhi. Tulipofika kileleni ukungu ukatufunika ghafla. Pale pana kituo kisicho na mtu: chumba kimoja chenye kufuli, na benchi moja nje. Treni husimama dakika kumi na tano, dereva ajaribu breki kabla ya mteremko na wageni wapige picha zao. Mama hakutoka, aliogopa baridi. Wengine waliporudi ndani nikashika kipaza sauti nikasema maneno niliyoyasema kila siku kwa miaka minne: "Ndugu abiria, sasa tunashuka."

Mimi nilikuwa na maana ya mlima. Lakini kipaza sauti cha behewa la mwisho kinakwaruza, na sikio la kushoto la Mama unalijua. Habari zote za bonde na mteremko nilizofuatisha zilipotea, yakamfikia maneno mawili tu. Akajua tumefika. Akachukua mfuko wake, akafungua mlango wa upande usio na jukwaa, akashuka kama alivyoambiwa. Ngazi ya mwisho iko mbali na kokoto. Akaanguka, mguu ukapinda. Hakupiga kelele, maana nilikuwa nimemkataza kuniita.

Wakati huo mimi nahesabu watu, behewa baada ya behewa, kama kanuni inavyotaka. Kwenye kiti chake alikuwa amehamia bwana mmoja mwenye kamera. Nikamhesabu bila kumtazama usoni, nikapita. Gadi wetu, yule mzee tunayemwita Mzee Filimbi, anayesimamia milango na kuruhusu treni iondoke, akaniuliza kama watu wametimia. Nikamjibu wametimia. Akapuliza, tukaondoka.

Niligundua chini, kituo cha mwisho, mkaguzi alipokwisha kwenda zake na mimi nikaenda kumchukua Mama. Nilikuta maganda ya machungwa tu, yamefungwa vizuri kwenye karatasi. Dada, nilipiga ukelele ambao sikujua ninao. Mzee Filimbi hakuniuliza swali hata moja. Alikimbilia simu, akaomba injini ya mafundi, akapanda nayo mwenyewe na mimi nyuma yake. Tangu Mama ashuke mpaka tunafika ni saa tatu kasoro. Kila handaki tulilopita nilimwahidi Mungu jambo jipya, mengine hata siwezi kuyatimiza. Tulimkuta kwenye lile benchi, amejikunja ndani ya shali, midomo haina damu. Mzee Filimbi alivua koti lake akamfunika, akambeba mgongoni mpaka kwenye injini, na umri wake ule.

Mtu huyo ndiye aliyesimamishwa kazi. Kanuni inasema abiria wakishatimia kwenye hesabu, milango ni ya gadi, na akitoka mtu baada ya hapo lawama ni ya gadi. Amebakiza miezi mitatu astaafu. Hajanisema vibaya kwa mtu yeyote. Juzi amemtumia Mama salamu.

Sasa nifike ninapoogopa kufika. Mama hakuwa na tiketi wala kibali. Kibali cha ndugu wa mfanyakazi huombwa wiki nzima kabla. Nilizembea, kisha nikaona aibu kumwambia asubiri, nikampandisha kimyakimya. Ndiyo maana nilimwogopa mkaguzi. Tiketi zilikuwa arobaini na moja. Pamoja na Mama, watu arobaini na wawili. Nilihesabu nikapata arobaini na mmoja, nikatazama karatasi, nayo inasema arobaini na moja, na Dada, nilifurahi. Nilifurahi kwamba kwa mara moja hesabu imekubali bila kurudia. Hesabu ilitimia bila Mama.

Na kwenye ripoti niliandika arobaini na wawili, kana kwamba nilimhesabu Mama akiwa ndani, akatoka baada ya hesabu. Namba moja tu, na mzee wa watu yuko nyumbani kwake anatazama ukuta. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeishia kwenye meza hii ninayoandikia. Kesho nitasema arobaini na mmoja. Wakinifukuza, wanifukuze. Naogopa sana, nisikufiche.

Mama hajui lolote kati ya haya. Amekwisha kupiga viatu vyake rangi ili twende pamoja akawaambie wakubwa kwamba kosa ni la sikio lake. Leo mchana nimemuuliza, treni ilipopotelea kwenye ukungu, hakuogopa? Akasema baridi aliisikia, hofu hapana. Alikaa akangoja tu, maana alijua nitahesabu watu, na nikihesabu tu nitaona hayupo.

Niliingia jikoni nikakoroga chai ambayo tayari ilikuwa imekorogwa.

Nisalimie Shemeji, na mapacha uwabusu mashavuni, kila mmoja lake wasije wakapigana. Tafadhali usimpigie Mama mpaka mimi nikupigie kesho, nikitoka huko. Niombee. Sisi hapa tuko wawili: Mama amelala upande wa dirisha, mimi niko mezani. Nimehesabu.

Mdogo wako,
Kasuku