Skuta Yangu na Mguu wa Mercyline

Jumatatu, 3 Machi 2025

Skuta yangu ya betri, ile ya wasioweza kutembea, imerudi kutoka kwa Kiragu, fundi wa Mamboleo. Betri mpya, breki amekaza. Na somo la bure! Mwalimu, polepole penye watu. Mwalimu, ukisimama hata dakika moja, toa ufunguo. Nikamwambia nimefundisha miaka thelathini na moja, kusikiliza najua. Binti yangu Caren akacheka sana.

Jumatano, 5 Machi

Nimemvunja mtu mguu.

Sokoni Kondele, saa nne asubuhi. Nilikuwa nimesimamisha skuta kwa Mercyline, mama wa samaki wa kukaanga. Ngege wawili. Akazunguka nyuma ya skuta kunitilia kwenye kikapu. Mara askofu wetu huyo, mkono ameunyoosha. Sasa mimi nimsalimie askofu nikiwa nimekaa kama mgonjwa? Nikainuka kwa huu mguu mmoja niliobakishiwa na sukari. Mkono wa kulia nikampa, wa kushoto nikauegemeza kwenye usukani — pale pale penye kibonyezo cha kurudi nyuma. Na ufunguo sikuwa nimetoa. Skuta ikaruka nyuma.

Yawa! Mguu wangu! Bado namsikia.

Watu wakajaa. Mwalimu, nini? Nikasema breki imekataa. Hivyo tu, bila kufikiri. Mtu akauliza ni fundi gani. Nikamtaja.

Alhamisi, 6 Machi

Mercyline amefungwa plasta, wiki sita. Meza yake iko tupu. Tumempelekea unga na sukari, Caren na mimi. Eti ananipa pole! Eti Mungu ametenda, ningeweza kuanguka. Mwenye makosa ni huyo fundi, anasema. Nikanywa chai yake yote. Mzee mzima! Watoto niliowachapa kwa uongo mdogo kuliko huu — siwezi kuwahesabu.

Jumamosi, 8 Machi

Caren ametoka Mamboleo. Watu wa boda wameondoa pikipiki zao kwa Kiragu. Mmoja amemwambia fundi, wewe si wa kabila letu, rudi kwenu. Kwao wapi? Amekaa hapa miaka kumi na tisa, watoto wake wanaongea Dholuo, lugha yetu, kumshinda Caren.

Caren akaniuliza, Baba, ni breki kweli? Nikamgombeza kwamba mboga ina chumvi. Mboga haikuwa na neno.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani sikwenda. Nimesema nina homa. Homa gani! Naogopa kuombewa.

Saa nane Kiragu akabisha, na spana zake. Nilidhani amekuja kunigombeza. Akasema, nisamehe Mwalimu, labda nilikosea, naomba niangalie. Nisamehe! Akalala chini ya skuta karibu nusu saa. Kisha akaiendesha uani — akasimama, akaenda, akasimama. Breki inashika kila mara. Akakaa kwenye ngazi, akafuta mikono polepole.

Mwalimu, akasema, yule mama alikuwa mbele yako ama nyuma?

Caren alikuwa mlangoni na chai. Hakuiweka chini. Breki ikikataa hugongi mtu wa nyuma; fundi ameshajua. Wote wawili wakaningoja.

Nikasema ngoja nichukue miwani. Nikashika magongo, nikaingia chumbani. Niko hapa sasa, naandika. Nikitoka nitasema. Lazima niseme. Mguu wa mama wa watu, kazi ya mtu — kwa sababu ya kusimama mbele ya askofu!

Caren anaita. Baba, miwani umepata?

Nimeivaa tangu asubuhi.