Jalada la Talaka kwa Jina Langu

Jumanne

Mara mbili karani wa mahakama ya mwanzo hapa Ushirombo amenirudisha: "Mama Kulwa, jalada la talaka yenu halionekani." Na mimi kila mara namtajia jina la baba Kulwa, kama nilivyozoea shuleni na hospitali. Mjinga mimi!

Leo nikakumbuka kwamba aliyefungua shauri ni mimi. "Hebu tafuta Leticia," nikamwambia. Likatoka na vumbi lake.

Hukumu ile ndiyo iliyonipa nyumba, na baba Kulwa ameshaanza kuitafutia mteja. Hilo linanitisha. Lakini nakala naipata Ijumaa, aje tuonane.

Kwenye fomu wameuliza mimi ni nani katika shauri. Kidogo niandike mama Kulwa.

Nikaandika: mdai.